Jina Ndani ya Wimbo

Mama mupendwa, habari ya Butembo? Hapa Goma mvua inapiga mabati, na mutoto amelala mugongoni wakati ninakuandikia.

Jana nilienda kumusikiliza mutoto wako, kaka yangu Josué, kwenye baa moja ya mutaa wa Himbi. Nyimbo anazitunga na kuzirekodi peke yake. Mwenye baa akamuambia, “Kijana, imba tu ‘mupenzi’. Kiswahili hakisemi kama ni dada ao kaka.”

Josué akacheka. “Muzee, basi nitasema Daniel.”

Akaimba, akamutaja mwanaume anayemupenda, mbele ya wote. Wengine wakatoka. Waliobaki wakaacha samaki zao ndogo za sambaza zipoe.

Mama, tangu ahame humutaji tena kwenye sala ya jioni. Leo ukitaja watoto wako mbele ya Mungu, anza na Josué.

Nakukumbatia,
Furaha wako