Kinywa Hiki Ni Yangu

Mwanangu mpendwa,

Mimi na mama yako hatujambo. Jana timu yangu ya mdahalo ilishiriki fainali, mada ikiwa watoto waruhusiwe kuwapinga wazazi. Msemaji wetu wa mwisho, binti mpole, alipandwa na jazba akasema, "Kinywa hiki ni yangu!" Nikainuka kumsahihisha. Mwenzake akanivuta koti: "Mwalimu, kaa, tunashinda." Nikakaa. Tukashinda kweli, nao wakanitania njia nzima: "Kikombe hiki ni yetu, Mwalimu."

Barua yako ya mwisho niliirudisha ikiwa imejaa wino mwekundu, nawe hujaniandikia tena kwa miaka miwili. Nilikosea. Niandikie, mwanangu, hata kwa makosa. Kiti chako mezani bado ni yako, wala usinisahihishe.

Akupendaye,
Baba yako