Papa, Nimepata Ruhusa ya Kuuza Bima

Papa yangu mpendwa,

Nimefaulu! Juma lililopita nilipomletea Mama habari, aliacha bukari ya unga wa mahindi ikaungua jikoni, akatoka uani akicheza kama bibi harusi. Sasa mimi ni ajenti wa bima za mali na ajali, mwenye ruhusa ya kweli.

Unaikumbuka ile asubuhi kule Kasungami, karakana yako ya useremala ilipobaki majivu? Hukulia. Ulivaa koti la kanisani, ukachukua karatasi yako ya bima, ukanishika mkono tukaenda mjini. Karani wa ofisi ya bima aliisoma mara mbili, akasema aliyekuuzia hakutumwa na kampuni yoyote. Tukiwa njiani kurudi ukaniambia, "Mwanangu, sikujua kama muntu wa asiransi anapashwa kuwa na ruhusa. Ningemuuliza." Ulisema taratibu, kana kwamba kosa ni lako. Halikuwa lako, Papa.

Maneno hayo ndiyo yaliyonikalisha na sheria ya bima, miaka mitatu baada ya kukuzika. Niliisoma nikisonga bukari, nikaisoma nikisubiri zamu yangu bombani. Siku ya mtihani wa mdomo, msimamizi mmoja mwenye miwani aliniuliza, "Gavana anaweza kumupa muntu ruhusa ya kuuza asiransi hapa Lubumbashi?"

"Hapana, bwana. Jimbo halina uwezo huo. Ruhusa inatoka kwa mamlaka ya taifa, na hao ndio wanaoweza kuiondoa."

"Na mteja, hiyo inamusaidia nini?"

Papa, vifungu vyote nilivyokariri vilinitoka! Nikamsimulia habari zako, kuanzia moto hadi kwa karani. Alivua miwani. "Sasa umenijibu, mama," akasema. "Wengine wananisomea kitabu tu."

Leo nimepata mteja wa kwanza, fundi cherehani wa Makomeno. Nilikwisha shika kalamu, naye akanizuia: "Ngoja kwanza, dada. Ruhusa yako iko wapi?"

Nilitaka kumkumbatia! Niliitoa kwa haraka hadi ikaniponyoka ikaanguka sakafuni. Akaiokota, akasoma jina langu kwa sauti, na jina lako linalolifuata. Kisha akatia sahihi.

Pumzika vema, Papa. Kesho asubuhi nina wateja wengine wawili.

Ni mimi, binti yako wa kwanza