Nguva Mbele ya Mizinga Yenu

Jericho, Nairobi
Agosti 1983

Kaka yangu Munyoki,

Huku tu wazima. Mama ameanza kuuza sukuma wiki hapa sokoni, na anakusalimu sana.

Juma lililopita kwaya yetu ilialikwa kuimba harusini huko pwani. Asubuhi wenyeji walinipeleka mwambani, nikaona nguva, mnyama wa baharini mkubwa kama ng'ombe, na mtoto wake mgongoni. Aliinua pua akavuta pumzi, nami nikaisikia kama ya mtu aliyelala kando yangu. Kaka, sisi tuliokulia na mbuzi Kitui! Nilijikuta nimepiga magoti.

Mchana kukawa na baraza. Afisa wa jeshi lenu la majini alisema mnataka kufanyia mazoezi ya mizinga pale pale mwambani, akaomba maoni. Watu waliogopa kusema. Nikasimama mimi mgeni.

"Bwana afisa, kaka yangu ni mpiga mizinga wenu, namwombea kila siku. Lakini pale pana mama ananyonyesha."

"Kaka yako anaitwa nani?"

Nikakutaja.

Ndipo wanawake wa pale wakasimama mmoja baada ya mwingine, wakasema ya kwao. Afisa aliandika yote, akaahidi kwamba hamtapiga hata mzinga mmoja mpaka wakubwa wake waje kujionea.

Wakikuita kwa sababu yangu, nisamehe. Lakini nikiulizwa tena, nitasema vilevile.

Dada yako akupendaye,
Nthoki