Jina Lisilo Kwenye Orodha

Hedaru,
9 Novemba 1974

Kaka Athumani,

Shikamoo. Sisi tu wazima, ila mvua bado, na mbuzi wa mama wamebaki wawili.

Ulituandikia kwa furaha kwamba kompyuta yenu huko Dar es Salaam ndiyo inayochagua kaya za kupewa unga wa njaa, na kwamba haina ndugu wala haili rushwa. Orodha yake ilifika ofisini kwetu, na mgawaji ni mimi. Jirani yetu Mwanakheri hayumo. Mumewe alifariki mwezi wa nne. Naona mashine ilipomfuta marehemu, iliifuta na kaya yake.

Nilimweleza mkubwa wangu, Bwana Clemence. Akasema, "Mashine haikosei. Andika barua, usubiri."

Nikaandika. Wiki tano nimekuwa nikimrudisha Mwanakheri mikono mitupu. Juzi tumemzika mwanawe mdogo, Mwanahalima. Njaa ilimmaliza.

Jana niliandika jina la Mwanakheri kwa mkono, nikampimia unga. Bwana Clemence akaja juu.

"Nani amekuruhusu?"

Nilitafuta mtu wa kumtaja, kaka, nikamkosa. Hapa wanasema ni orodha, huko kwenu mnasema ni mashine. Nikamjibu, "Mimi." Amenisimamisha kazi.

Nimechoka sana. Ukifika kazini, waambie waandike chini ya orodha jina la mtu wa kuulizwa.

Mdogo wako,
Mwanaasha