Msalaba Wako Bado Umelala Uyole

Baba,

Tulikupoteza mwaka jana, mahindi yakianza kutoa mbelewele, na siku ya kukuzika tukapoteza pia maneno yako ya mwisho. Si yale uliyoyasema wewe. Yale ambayo mchungaji alipaswa kuyasema wakati wa kutupia udongo kaburini, hakuyasema.

Kosa lilianzia kwenye ratiba. Sehemu ya mashada, baada ya majirani na wastaafu wenzako wa kiwanda cha karatasi, tuliandika "Chama cha marehemu." Tulijua kila mwezi Alhamisi ya kwanza unapanda basi kwenda Mbeya kwenye chama chako cha siri. Tukadhani watakuja na shada kama wengine. MC akaita, wakatoka wanaume wa suti nyeusi na glavu nyeupe, wakalizunguka kaburi, wakatugeuzia migongo, wakasema maneno yao kwa sauti ya chini, kila mmoja akadondosha kitawi kibichi. Mchungaji akafunga kitabu. "Mtu mmoja hazikwi kwa dini mbili," akasema, akavua joho palepale, akaondoka. Kwaya ikabaki imesimama. Tukakufukia kimya kimya, kijiji kizima cha Nyololo kinatazama.

Tangu hapo Mama anakaa benchi la nyuma kanisani, karibu na mlango, kama aliyetengwa. Msalaba wako wa zege niliutengeneza mwenyewe, lakini umelala kwenye banda langu la kuuza mbao Uyole, chini ya mbao za mbili kwa sita. Wazee wa usharika wanasema mchungaji hatakuja kuusimamisha mpaka mtoto wako wa kwanza asimame mbele ya watu aseme kile chama kilikuwa dini yako, au hakikuwa. Huyo mtoto ni mimi. Siku yenyewe ni Jumapili hii.

Kikao cha wazee na ukoo kilichemka, Baba. Mzee wa kanisa alisema, "Wanafungua kwa sala, wanafunga kwa sala, wanaapa juu ya kitabu. Kimebaki nini?" Shangazi akadakia: "Hata VICOBA tunafungua kwa sala, mzee wangu! Na sanduku letu la akiba lina kufuli tatu, mume wangu hajawahi kulichungulia. Mbona hamjanitenga?" Watu wakacheka, hata Mama. Mzee akamjibu taratibu, "VICOBA haijawahi kuja makaburini na maneno yake, mama." Shangazi akaketi. Unamjua Shangazi, haketi kabla ya kushinda.

Nikaenda Mbeya mjini kwa yule rafiki yako wa chama aliyekuwa anakupokea stendi. "Sisi si dini, mwanangu," akaniambia. "Hatuna mbingu ya kumwahidi mtu. Asiye na dini yake hatumpokei." Nikamuuliza, basi yale maneno ya kaburini yalikuwa ya nini? Akatazama viatu vyake. "Hayo siwezi kukuambia."

Mimi nilianza na mbao za kubeba kichwani, leo nina banda. Mteja akija na futi yake namwacha apime. Ninyi, wewe na rafiki yako na wazee, mnataka nipokee mzigo bila kupima, halafu niutolee ushahidi kanisani. Hilo ndilo linaloniuma.

Basi nimepima kwa ninayoyajua. Nilipojifungua na damu ikakataa kukata, ulipiga magoti kwenye sakafu ya hospitali ukasali Baba Yetu kwa Kihehe, ile aliyokufundisha Bibi. Mtu akiogopa hivyo hachagui maneno. Yanatoka yaliyo yake. Nikasema, tayari, jibu ninalo. Lakini damu niliyoongezewa ilitoka mkononi mwa huyo huyo rafiki yako. Ulimpigia simu moja tu, akaja, hakuuliza kitu. Sasa dini yako ilikuwa ile sala, au yule mtu aliyeitikia? Najumlisha, narudia, hesabu haifungi. Na mimi hesabu hainishindi.

Ulikuwa ukitoka vikaoni unapita kwangu, unakaa juu ya magogo, unakula ndizi za kuchoma. Siku moja nikakuuliza, "Baba, mnaabudu nini humo ndani?" Ukacheka mpaka ukapaliwa. "Tunaabudu kufika kwa wakati." Nami nikacheka. Ulinijibu kama anayemjibu mtoto mdogo, na leo mtoto huyo ndiye anayepelekwa mbele.

Nikisema "haikuwa," Mama atarudi benchi lake la zamani. Ni neno moja. Lakini nitalisemaje madhabahuni na sijui kama ni kweli?

Nakuahidi hili: msalaba utafika Nyololo, mchungaji aje asije. Nitaushika upande mmoja, na rafiki yako akitaka kuushika wa pili, sitamwambia avue glavu. Ila yale maneno ya udongo siwezi kukusomea mimi, na Mama ndiyo anayoyangoja.

Kwaheri, Baba. Pumzika. Lakini kwanza nijibu: ilikuwa dini yako, au haikuwa? Nataka ndiyo au hapana, Jumapili, kabla ya kengele ya pili. Na usichelewe, wewe uliyeabudu kufika kwa wakati.

Binti yako,
Anitha