Mpira wa Cabramatta

Kaka Deo,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye treni ya kutoka Westmead, nimesimama, maana hapakuwa na kiti. "Sis, ule mpira wa zamani bado upo? Club wanataka kuuweka kwenye kabati lao la kumbukumbu. Nitumie please." Hukuuliza hali. Miezi kumi na moja tangu tumzike mama, na salamu yako ya kwanza ni mpira.

Ningeweza kukujibu kwa simu. Lakini video yako ya mahojiano imezunguka kwenye simu za Watanzania wote wa Sydney, hata mchungaji kaionyesha kanisani: kijana wetu wa Campbelltown, wa kwanza kutoka kwetu kwenda kucheza futiboli ya Kanada, ile inayofanana na raga, kazi yake kuupiga mpira kwa mguu. Uliyoyasema uliyasema mbele za watu, nami nakujibu mbele za watu.

Ulisema hivi: "Sikuwa na mtu. Nilikuwa napiga mpira mwenyewe, naufuata mwenyewe."

Mwenyewe, kaka?

Mpira ule mama aliununua sokoni Cabramatta, siku tuliyokwenda kutafuta bamia na samaki wabichi. Ulikuwa na umbo la yai, umechubuka tayari, na muuzaji aliuzungushia gazeti kama anafunga papai. Mama hakujua ni wa mchezo gani. Alijua tu kwamba hukuwa na rafiki shuleni na miguu yako haitulii. Ulipopasuka aliubandika plasta nyeupe aliyoomba kwa manesi, kule hospitalini alikokuwa akifanya usafi.

Wewe ndiye uliyenifundisha sheria. Kila jioni, kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba zetu za serikali, ulinipanga kama mchezaji wa kulipwa. "Kanada si kama kwingine," ulisema, maana mechi zao ulikuwa ukizitazama mtandaoni. "Mpira ukishapigwa, mpigaji mwenyewe anaruhusiwa kuukimbilia, au yeyote aliyekuwa nyuma yake. Wa mbele, no. So simama nyuma yangu, nikipiga tu, run!" Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikimbia mpaka soksi zikatoboka. Nilipolalamika, mama alinijibu dirishani huku anamenya viazi: "Mkimbilie mwenzio, mwanangu. Na wewe zamu yako itafika."

Naisubiri hadi leo.

Nisikuonee, yalikuwepo mazuri. Mechi yako ya kwanza tuliitazama asubuhi kwenye simu yangu, mama kavaa sare ya kazi, chai inapoa. Kule kwenu theluji ilikuwa inaanguka, na wewe ulikuwa mwembamba kuliko wote uwanjani. Mama hakuelewa kitu. Kila ulipopiga alipiga makofi, hata ulipokosea. "Umeona mguu huo? Umeuona?" Nilikupenda sana asubuhi ile, na nilichelewa kazini.

Misimu sita ulicheza. Katika hiyo sita mama aliugua miwili, nami nikaacha chuo ili nimpeleke na kumrudisha. Mpira wako aliuweka dirishani, wodini, karibu na maua. Nesi alimwuliza kama ni wa mjukuu. Akajibu kwa Kiingereza chake, "My son. Canada. He kick." Alilisema hilo kwa kila aliyeingia, hata kwa aliyeleta chakula.

Alipofariki ulilia kwenye simu, ukasema unakuja. Nikawaambia watu uko njiani. Tukaahirisha mazishi kutoka Alhamisi hadi Jumanne, na wamama wa kanisani wakapika pilau mara mbili. Jumatatu ndipo ukapiga. "Sis, siwezi. Ni playoffs, mechi za mtoano. Nikiondoka, spot yangu inakwenda." Nikakuuliza niwaambie nini watu. Ukasema, "Waambie ni kazi." Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, na wewe kaka, mateke ndiyo kazi yako.

Mechi ile mlishindwa. Wiki tano baadaye walikuacha, wakamchukua mwingine. Nilipopata habari nilifurahi, na furaha ile niliionea aibu. Sasa umestaafu, umekuwa kumbukumbu, na wanataka kukuweka kabatini.

Hukuwahi kuniuliza mazishi yalikwendaje. Nakuambia sasa.

Mchungaji alisema, "Mtoto wa kwanza aje atangulie kuweka udongo." Nadhani alisahau, au alidhani umefika. Hakuna aliyesogea. Wazee wakatazama viatu vyao. Mama yetu, aliyeitwa Mama Deo tangu ulipozaliwa, ambaye hata jirani zetu Waaustralia walimwita Mama Deo wakidhani ndilo jina lake, alilala pale akimsubiri Deo.

Kwenye mkoba nilikuwa na vitu vyake vya wodini: kanga, miwani, na mpira. Nilikuwa nimeuchukua ili nikukabidhi wewe, maana hadi Jumatatu ile niliamini. Nikasogea, nikauangusha kaburini kwa mikono miwili. Ulitoa sauti ndogo juu ya mbao za jeneza. Kisha nikaweka udongo wangu, na watu wakafuata.

Kwa hiyo jibu la ujumbe wako ni hili: mpira upo, ila haupo kwangu. Waambie watu wa kabati watafute kitu kingine.

Ukija Sydney huna haja ya kunipigia. Nenda makaburini uulizie alipolala Mama Deo, ndivyo tulivyoandika kwenye msalaba. Kaburi ni lile ambalo halina udongo wako. Sheria yenu naikumbuka vizuri: mpigaji anaruhusiwa kuukimbilia mpira wake. Mimi niliyekuwa nyuma yako nimechoka kukimbia. Safari hii ufuate mwenyewe, kama ulivyosema.

Ni mimi, mdogo wako uliyekuwa ukimsimamisha nyuma.