Samaki wa Aabo

Hodan mjukuu wangu,

Jambo hili sijamwambia mtu: kabla ya siku unayoniulizia, sikuwa nimewahi kuonja samaki. Wala usicheke kuitwa mjukuu na msichana wa kidato cha tatu. Nyanya yako ni dada yangu mkubwa, na ukoo ni ukoo. Sisi hapa Garissa tu wazima, alhamdulillahi, na mbuzi wetu mweupe amezaa mapacha.

Unauliza Aabo, baba yangu, alikubalije kula samaki. Daktari alimkataza nyama, naye akawa anakonda tu. "Mimi nimelelewa na maziwa ya ngamia," alisema. "Huyo samaki ni nyoka wa mtoni."

Nikanunua minofu ya samaki sokoni, nikaitia kwenye kikaangio cha hewa alichotuletea kaka, kile cha umeme kinachokaanga kwa hewa ya moto. Mara ya kwanza ilitoka teketeke, kwa sababu ilikuwa na maji. Mara ya pili niliikausha kwa kitambaa, nikaichovya kwenye unga, kisha yai, kisha chenga za mkate mkavu. Niliipaka mafuta kidogo na kuigeuza ilipofika nusu. Ikatoka na rangi ya sambusa.

Aabo alikigonga kipande kwa ukucha.

"Kinalia. Kina macho?"

"Hakina, Aabo."

"Basi onja wewe kwanza."

Nikaona kuwa hakuwa mkaidi. Alikuwa anaogopa, kama mimi. Nikasema bismillahi, nikauma, nikatafuna mpaka kikaisha. Aabo akanyoosha mkono.

Nikarudi jikoni kukausha vipande vingine.

Nyanya yako,
Sahra